Saratani Huwatuma Wavunjaji wa Mfupa Wenyewe

Wengi wetu tulio ughaibuni tunaijua simu ile ya usiku kutoka nyumbani: mama aliyetibiwa saratani ya matiti sasa anaumwa mgongo, na majirani wanasema ni uzee tu. Tunaandika kwa sababu ya simu hiyo.

Mfupa si jiwe. Kila siku seli maalumu huvunja mfupa mkuukuu na nyingine hujenga mpya. Mtu akiwa na afya, kazi hizo mbili huenda sambamba.

Saratani ya matiti ikihamia mfupani, huvuruga mizani. Seli zake hutoa kemikali inayowafanya wajenzi watoe ishara iitwayo RANKL, na ishara hiyo huwaamsha wavunjaji. Mfupa unapobomoka, huachia virutubisho vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake. Saratani hunenepa kwa hivyo, kisha hutuma kemikali zaidi. Ni mwizi anayemlipa mlinzi kwa mali ya mwenye nyumba.

Tangu mwaka 2010 Marekani imeruhusu denosumab, dawa inayoizuia RANKL, kwa wagonjwa wa namna hii. Haiponyi saratani, lakini hupunguza kuvunjika kwa mifupa.

Kwa hiyo ndugu zetu, aliyewahi kuugua saratani akiumwa mgongo bila nafuu, asichuliwe na kuambiwa angoje. Apigwe picha. Na miguu ikilegea au akishindwa kuzuia mkojo, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.