Huna Oveni? Oka Pai ya Ndimu kwa Sufuria na Makaa

Kama uko Voi na unadhani pai ni ya wageni wa hoteli za Tsavo pekee, skiza. Kuna pai inaitwa key lime, Wamarekani wanaipenda hadi mwaka wa 2006 jimbo la Florida likaifanya pai yake rasmi. Sasa hiyo key lime yao ni nini? Ni ndimu tu. Ile ndogo ya ganda jembamba, mathee hukamulia samaki.

Vitu unahitaji:
- Biskuti za Digestive, gramu 200
- Siagi iliyoyeyushwa, gramu 100
- Maziwa mazito matamu, mkebe 1
- Viini vya mayai 3
- Maji ya ndimu nusu kikombe (ndimu kama 8 hadi 12, inategemea saizi)

Fanya hivi:
1. Ponda biskuti, changanya na siagi, gandamiza kwa bati la keki.
2. Kwaruza ganda la ndimu kabla ya kukamua. Chukua kijani tu, ile nyeupe ya chini ni chungu. Halafu viringisha ndimu kwa meza ukiikandamiza, itatoa maji mob.
3. Koroga viini, maziwa, maji ya ndimu na ganda. Utaona inakuwa nzito yenyewe. Si uchawi, ni asidi ya ndimu inagandisha protini. Ndio maana hapa hakuna unga.
4. Mwaga chumvi au mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, funika, ipashe dakika 10. Weka makaa machache juu ya kifuniko.
5. Oka biskuti peke yake dakika 10, mwaga mchanganyiko, oka tena kama dakika 20. Kando ikishika na katikati ikitikisika kidogo, toa.

Sasa rada mbili, na hizi si mchezo.

Kwanza, jiko likae nje. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi haina harufu na imeua wasee wakiwa wamelala. Keja ya chumba kimoja, dirisha limefungwa, usijaribu.

Pili, joto. Wasee wa Wundanyi huko juu wana baridi yao, lakini Voi jua halina huruma. Pai ya mayai na maziwa ikipoa inafaa kuingia kwa friji, masaa 3 hivi ishike vizuri. Huna friji? Ongea na mwenye duka akuwekee pale kwa soda. Ikikaa nje kwa joto zaidi ya saa moja, tumbo litakusumbua.

Unataka kuuza? Jumlisha doh ya mkebe, mayai, siagi, biskuti, ndimu na makaa, gawanya kwa vipande 8, ndio utaje bei. Mkebe ndio utakula pesa, kwa hivyo anza na pai moja, onjesha majirani kwanza.