Je, Wajua? Pango huku, mhuri kule

Je, wajua kwamba mahandaki ya Wachagga kule Marangu yalichimbwa kwa mikono, watu wajifiche Wamaasai wanapovamia? Mlango ulikuwa mwembamba: mgeni aliingia ameinama, na mwenyeji akamsubiri ndani na rungu. Leo nawe utainama vilevile, ila beba tochi mbili. Ya simu huzimika pale pale unapoihitaji.

Mapango marefu ya lava yako ng'ambo, kwenye vilima vya Chyulu nchini Kenya. Lile la Leviathan linazidi kilomita 10. Kutoka Moshi unapita Himo hadi mpaka wa Holili. Mpaka huo una huduma ya pamoja: ukielekea Kenya, maofisa wa nchi zote mbili unawakuta upande wa Taveta. Njia za panya achana nazo, hata bodaboda akuapie vipi.

Na popo? Watu wawili waliofariki kwa virusi vya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon. Popo wa matunda hubeba virusi hivyo. Ukisikia mbawa zao na harufu ya kinyesi, picha ya mlangoni inatosha.