Mwanafunzi wa Uchungaji Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Aingiaye katika wodi za hospitali mjini Bujumbura huona mara moja jinsi mgonjwa anavyotunzwa na jamaa zake. Yupo anayemlisha uji, yupo anayemfulia nguo, yupo anayelala mkekani kando ya kitanda. Katikati ya shughuli hizo huingia kijana nadhifu, Biblia mkononi, aliye njiani kuwa mchungaji. Husalimu, husoma aya chache, huomba, kisha huenda kitanda cha pili. Mgonjwa huitika "Amina". Je, amesaidiwa?

Swali la namna hiyo ndilo lililozaa mafunzo ya uchungaji hospitalini chini ya msimamizi. Mwanzilishi wake mmoja, Anton Boisen wa Marekani, alikuwa mchungaji aliyeugua kwanza. Mwaka 1920 alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa zaidi ya mwaka mzima. Baada ya kupona, mwaka 1924 alipata kazi ya uchungaji katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, na mwaka uliofuata akapokea wanafunzi wachache wa theolojia. Aliwataka wamsome mgonjwa kwa makini yale yale wanayosomea vitabu. Siku hizi kanisa kubwa la Kilutheri nchini Marekani huwataka wanafunzi wake wapite mafunzo hayo kabla ya kubarikiwa. Kwa kawaida kipindi kimoja huchukua saa 400.

Katika Afrika Mashariki mafunzo haya hutolewa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Si ajabu yakastawi huko, kwa maana Walutheri wa Tanzania, walioungana kutoka makanisa saba mwaka 1963, ni mamilioni. Burundi Walutheri ni wachache, lakini maumivu ya wodini hayaulizi dhehebu.

Kiini cha mafunzo ni karatasi. Akitoka wodini, mwanafunzi huandika neno kwa neno, kadiri anavyokumbuka, aliyoyasema mgonjwa na aliyoyajibu yeye, pamoja na yaliyompitia moyoni. Kisha huisoma karatasi hiyo mbele ya msimamizi na wenzake, naye hulificha jina la mgonjwa. Mathalani, mama mzee amesema, "Mwanangu, usiku wa hapa ni mrefu." Mwanafunzi akajibu, "Mungu yupo, mama. Tuombe." Msimamizi atamwuliza: usiku ni mrefu kwa nini? Ni maumivu, ni hofu ya kufa, au ni kwa sababu jirani yake wa kitanda alifariki jana? Mbona hukumwuliza? Aghalabu jibu la kweli huchelewa kutoka: mwanafunzi mwenyewe aliogopa, akajificha nyuma ya sala. Hapo wengine hulia. Ni shule ngumu kwa kijana aliyezoea kusifiwa kwa mahubiri yake.

Kadhalika hufundishwa kutowinda waumini. Katika mji wenye mitaa kama Buyenzi, kitanda cha pili yaweza kuwa cha Mwislamu. Mwanafunzi hukaa naye, humsikiliza, na akitaka sheikh, humtafutia. Wodi ya wagonjwa wa akili nayo hudai subira ya pekee. Bujumbura ina kituo cha maradhi hayo huko Kamenge tangu mwaka 1981, kilichoanzishwa na watawa wa Kikatoliki, na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwaacha watu wengi na majeraha yasiyofungwa bendeji.

Yapo pia mambo ambayo sala peke yake haiyamalizi. Mwezi Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu wagonjwa waliozuiliwa katika hospitali za Burundi baada ya kupona, kwa kukosa fedha za kulipia matibabu. Mwaka huo huo, mwezi Mei, serikali ilikuwa imefuta malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano, lakini wengine walibaki na madeni yao.

Mwanafunzi akimkuta mama wa namna hiyo atamwambia nini? Msimamizi hatampa maneno ya kukariri. Atamtaka kwanza akae, asikilize hadi mwisho, kisha aende kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii kama upo msaada. Na yote yaandikwe katika karatasi, hata pale mama alipouliza nani anawapikia watoto nyumbani, na mwanafunzi akakosa la kujibu.