Seriveri na programu: mulinzi mumoja anatosha

Mutumishi anaacha kazi. Jina lake linafutwa mu programu ya ofisi, lakini kwenye seriveri linabakia. Kesho yake, akiwa kwake nyumbani, anafungua tena mafaili ya kampuni, juu neno lake la siri lingali linakubaliwa pale. Hatari inatoka wapi? Kuna orodha mbili za majina, na mutu amefuta moja tu.

Dawa yake inajulikana. Seriveri, kama vile Apache, iulize yenyewe jina na neno la siri. Ikikubali, inapatia programu jina la mutu mu kigezo kinachoitwa REMOTE_USER. Programu haiulize tena: inasoma ile jina, kisha inaangalia yule mutu anaruhusiwa kufanya nini. Ukifuta jina mara moja, milango yote mbili inafungika.

Lakini muangalie! Mara nyingi programu iko nyuma, mu mashini ingine, na seriveri inaitumia jina ndani ya kichwa cha ujumbe wa HTTP. Mwizi akifikia programu bila kupitia seriveri, anajiandikia jina la mukubwa wa kazi, na programu inamuamini. Kwa hiyo programu isikilize paka seriveri yake, na seriveri ifute kwanza kila jina lenye kutoka inje.

Tena mutumie HTTPS. Njia ya Basic haifiche neno la siri. Inaligeuza tu kwa Base64, na kila mutu anaweza kulirudisha.

Mulinzi mumoja ni muzuri, lakini dirisha ya nyuma ifungwe.