Maji Yanayopanda Kutoka Tundu la Bafuni

Masika yakikolea Dar es Salaam, mafundi bomba hupigiwa simu za namna moja: paa halivuji, mlango umezibwa kwa viroba vya mchanga, lakini bafu limejaa maji meusi. Maji hayo hayakupita mlangoni. Yamepanda kupitia tundu la sakafuni.

Fundi mwashi angekueleza sababu yake. Akitaka kusawazisha kuta mbili zilizo mbalimbali, huchukua mpira mwembamba wa kuonyesha ndani, akautia maji. Ya ncha hii na ya ncha ile husimama usawa mmoja. Bomba lako la majitaka ni mpira huohuo, ila ni la inchi 4. Ncha moja iko kwenye karo uani, nyingine bafuni. Maji ya karo yakipita usawa wa sakafu, yatakufuata ndani tu.

Basi anza na kupima, siyo kununua. Mfuniko wa chemba ya nje uwe chini ya sakafu ya bafu, walau kwa sentimita 15, ili yakifurika yafurike uani. Nyumba nyingi zilijengwa hivyo. Kisha barabara ikainuliwa, uwanja ukajazwa kifusi, mwenye nyumba akapandisha chemba isifukiwe, na kinga ikaondoka bila mtu kushtuka.

Kosa jingine, nalo ni la ubahili, ni kuelekeza maji ya paa kwenye chemba ya choo. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000. Karo gani litastahimili?

Ipo pia valvu ya njia moja. Ndani yake huning'inia kilango: maji yanayotoka hukisukuma, yanayorudi hukifunga. Ikae kwenye chemba inayofunguka, maana nywele na mafuta ya kupikia yakiganda, kilango hakifungi. Kikishafunga, usimwage maji chooni. Hata ya kwako hayana pa kutokea.

Mabondeni, maji ya ardhini nayo hupanda. Kuita gari la kunyonya majitaka katikati ya mvua ni kutwanga maji kinuni: shimo hujazwa tena kutoka pembeni. Tangi la plastiki ndilo baya zaidi, kwani likibaki tupu huweza kuelea na kung'oa mabomba. Gari liitwe Februari, ardhi ikiwa bado kavu.