Tangazo la mtandaoni: Gusa hofu ya mwenye mzigo

Matangazo mengi ya wasafirishaji kwenye intaneti yanafanana: "Tunasafirisha mizigo nchi zote jirani kwa bei nafuu." Mwenye mzigo huyasoma na kupita, kwani hayajibu hofu yake.

Mwaka 1979, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kuwa uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi hicho hicho. Katika makadirio yao ya mwaka 1992, ulikuwa takriban mara 2.25 ya furaha hiyo. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002.

Je, hii ina maana gani kwa msafirishaji wa Mombasa hadi Kampala? Mwenye kontena haogopi sana kukosa punguzo. Anaogopa lori kukwama Malaba kwa nyaraka pungufu huku gharama zikipanda kila siku. Hivyo andika: "Tunakagua nyaraka zako kabla lori halijaondoka Mombasa, lisikwame mpakani." Sentensi hiyo inataja hasara na namna ya kuiepuka.

Pili, Robert Cialdini alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuwa watu hufuata wenzao, hasa wanaofanana nao. Muuza vipuri ataamini neno la muuza vipuri mwenzake kuliko sifa unazojipa. Omba ruhusa, kisha nukuu mteja halisi.

Hata hivyo, usitie chumvi wala kuahidi siku usizoweza kutimiza. Kwa kanuni hiyo hiyo, hasara moja mikononi mwako itamuuma mteja kuliko safari kadhaa zilizofika salama.