Acheni Kuchomelea Difu

Kila mvua zinapochachamaa swali ni lile lile: "Fundi, nikuletee difu ya nyuma uichomelee, gari lisinase tena?" Anayeuliza ni dereva wa Land Cruiser au Hilux anayebeba magunia kati ya hapa Komanda na Mambasa, au kutoka hapa kwenda Bunia. Siku hizi haji mikono mitupu. Ananisogezea simu nione kigari cha rimoti kikikwea mwamba kama mjusi, magurudumu yote yakizunguka pamoja. "Si unaona? Hiki difu zake zimefungwa."

Nimeona, na kweli zimefungwa. Lakini kigari kile kina uzito wa kilo mbili au tatu. Matairi yake hayana upepo, yamejazwa sponji. Kinatambaa polepole kuliko mtoto anayejifunza kutembea, na kikivunja ekseli, mwenyewe anachukua bisibisi na kubadilisha mezani. Tena aliyekutumia video hakukuonyesha vigari vya mashindano, vile vinavyokimbia kwenye vumbi na kuruka matuta. Humo difu haifungwi. Inajazwa mafuta mazito ya silikoni, ya namba 5,000 au 7,000 kwa mfano, mazito au mepesi kulingana na uwanja, ili gurudumu lililokosa mshiko lisizunguke ovyo na difu iendelee na kazi yake. Hata Traxxas walipotoa kigari chao cha kukwea mawe, TRX-4, mwaka 2017, difu zake walizifanya za kufungwa na kufunguliwa kwa rimoti. Mtengenezaji wa kichezeo ameona haja ya kuifungua. Wewe unataka kuifunga ya gari zima, kwa moto, isifunguke tena.

Kinachowaudhi madereva nakijua. Difu hugawa nguvu sawa kwa sawa, kushoto na kulia. Gurudumu la kushoto likiingia kwenye ute wa tope, linahitaji nguvu kidogo tu lizunguke, na la kulia nalo linapewa kidogo hicho hicho, hata kama limekanyaga mawe. Ndiyo maana moja linazunguka kama lina wazimu na lingine limetulia. Basi mtu anaona difu ni adui.

Sasa chukua utepe upime nyuma ya gari, kutoka katikati ya tairi hili hadi katikati ya lile: takriban mita moja na nusu. Ukizungusha gari duara zima, liwe dogo au kubwa, tairi la nje litatembea mita 9.4 zaidi ya la ndani. Kona ya robo duara ni mita 2.4 hivi. Difu nzima inazimeza mita hizo bila wewe kujua. Iliyochomelewa haina pa kuzipeleka, kwa hiyo ama tairi linaburuzwa, ama ekseli inajipinda. Kwenye udongo mkavu ulioshindiliwa, au kwenye lami ya Bunia mjini, utasikia tairi likilia kila kona, pua ya gari ikikataa kufuata usukani. Kwa Hilux za zamani ni hatari zaidi, maana ekseli yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu: ikikatika, gurudumu linaweza kuondoka nayo.

"Fundi, mimi sipiti lami." Haya, twende kwenye tope. Barabara zetu zimeinuka katikati na kuinama pembeni kuelekea mtaroni. Ukiwa na difu nzima, gurudumu moja linapozunguka ovyo, lile lililotulia linaendelea kushika ardhi, na ndilo linalozuia mkia wa gari usiteleze. Chomelea, yote mawili yanazunguka kwa pamoja. Tairi linalozunguka ovyo halishiki mbele wala pembeni, kwa hiyo mkia unashuka mtaroni na magunia yake. Ulizoea kunasa katikati ya barabara, ambapo wenzako wangekuvuta. Sasa umelala ubavu.

Na weldi yenyewe? Vigia vidogo vya ndani ya difu vimekomazwa juu. Moto wa elektrodi unavifanya vivunjike kirahisi, hasa vikichomelewa vingali vimelowa mafuta na jenereta inayumba. Kipande kikidondoka kati ya krauni na pinyoni, gia zinazoleta nguvu kwenye difu, hapo ndipo mwisho wake.

Ya kufanya ni haya, upesi. Land Cruiser nyingi za zamani zina vifungio katikati ya magurudumu ya mbele: shuka uvifunge kwa mkono kabla ya tope, bila hivyo gia ya magurudumu manne ni bure. Gurudumu la nyuma likizunguka ovyo, vuta breki ya mkono kidogo huku ukikanyaga mafuta taratibu. Mara nyingine inasaidia: upande ule ukipata ugumu, wa pili unapewa nguvu ile ile, ingawa nao umeshikwa na breki. (Breki ya mkono inayoshika shafti badala ya magurudumu haisaidii.) Mzigo ukiwa mdogo, shusha upepo hadi bar 1.5. Kwa matairi ya 7.50R16 yenye tyubu usishuke chini ya hapo: tairi litajizungusha kwenye rimu, liburuze tyubu na kung'oa vali. Ukiona vali imeanza kulala, umeshachelewa. Jaza tena kabla ya kukimbia. Matairi mawili ya ekseli moja yawe na mzunguko sawa, yapime kwa kamba. Jipya likiwekwa na kipara, vigia vya difu vitasagana kilomita zote 75 hadi Bunia. Mwenye pesa anunue difu ya kufungwa kwa swichi, aifunge kwenye tope tu na aifungue kabla ya kona. Asiye nazo, minyororo ya matairi.

Aliyekwisha kuchomelea asiniletee grainda nimwondolee weldi. Atafute difu nyingine nzima, iliyotumika, na kabla ya kulipa ahesabu meno ya krauni na ya pinyoni. Uwiano ukitofautiana na wa difu ya mbele, siku atakayoingiza gia ya magurudumu manne kwenye ardhi kavu atavunja kilichobaki.